Usiku huu Maruhubi

Ndiyo kwanza natoka kwenye magofu ya kasri la Maruhubi, hapa Zanzibar, na usingizi hauji kabisa.

Kasri hili alilijenga Sultani Barghash miaka ya 1880, likaungua 1899. Zimebaki nguzo na hamamu, yaani mabafu ya kuogea.

Mzee mlinzi katuruhusu, Mungu ampe umri.

Kiza totoro. Kamera juu ya stendi, lenzi wazi sekunde 30. Mwenzangu, nguo nyeusi tupu, anapita nyuma ya nguzo na tochi. Kwa kuwa hatulii mahali, picha haimshiki. Inabaki nuru yake tu.

Basi tochi ilipokuja ubavuni, nikaliona jiwe lenyewe. Chokaa imebanduka, matumbawe yako wazi, vishimo vidogo vidogo kama sega la nyuki. Jua la mchana hulifuta hilo lote. Nimeweka kiganja: bado lina joto.

Mzee akaitazama picha kwenye kioo cha kamera, kimya, kisha: “Mwanangu, kila siku niko hapa, hivi sijapata kuliona.”

Nimefurahi mno, jamani.

Picha hiyo hapo chini. Mngeanza kumulika wapi, nguzo au hamamu? Na siku za kiza zijazo nataka kwenda kasri la Mtoni. Nani yumo?