Siku yangu moja na tope la Bahari ya Mediterania

Saa 2:10 asubuhi

Naingia chumba cha baridi na koti zito, maana humu ni nyuzi 4 mwaka mzima. Hili ni ghala la kori (nguzo ndefu za tope zinazotolewa kwa bomba) la Bremen, Ujerumani, ambako kori zilizochorongwa chini ya Mediterania hutunzwa pamoja na za Atlantiki. Tope la bahari likiachwa kwenye joto hukauka, hupasuka na kuota kuvu.

Leo natafuta vipande vya kituo namba 967, kwenye ubavu wa Eratosthenes, mlima uliozama baharini kusini mwa Saiprasi. Meli ya JOIDES Resolution ilichoronga pale mwaka 1995, chini ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,500. Kori moja kamili ina mita 9.5. Hukatwa vipande vya mita 1.5, kisha kila kipande hupasuliwa kwa urefu: nusu ya kumbukumbu, ambayo haichotwi, na nusu ya kazi. Nasoma kila lebo mara mbili, hasa alama ya upande wa juu. Ukikilaza kipande kichwa chini, uzee ndio unatangulia ujana.

Saa 3:00

Vipande viko mezani. Kabla ya kugusa chochote, nafungua picha zilizopigwa siku kori ilipopasuliwa melini. Hapa ndipo kazi yangu yote ilipo: kujua kipi kiliwekwa na bahari na kipi kimeingia baadaye.

Tope la kawaida la hapa ni la rangi ya maziwa yenye vumbi, limejaa chokaa. Katikati yake kuna mkanda mweusi, laini kama samli. Huo ni sapropeli. Takriban kila miaka 21,000, kuyumba kwa mhimili wa dunia hulifanya jua la kiangazi kuwa kali zaidi upande wa kaskazini. Mvua za monsuni za Afrika zikapanda hadi Sahara, Nile ikafurika, na maji yasiyo na chumvi yakatanda juu ya bahari kama kifuniko. Oksijeni ikakoma kushuka chini. Viumbe waliokufa juu wakazama bila kuozeshwa, na tope likawa jeusi. Sapropeli changa kuliko zote, S1, ilianza miaka kama 10,000 iliyopita, wakati Sahara ilipokuwa na maziwa na nyasi. Mvua ya Afrika imeandikwa chini ya bahari hii, na kila ninapouona mkanda ule moyo hunienda mbio.

Lakini leo mkanda una vichembe vyeupe, vyembamba kama sindano. Navitazama kwa lenzi: ni jasi, madini yanayobaki maji ya bahari yakikauka.

Katika bahari hii, jasi ni neno zito. Mwaka 1970 meli ya Glomar Challenger, William Ryan na Kenneth Hsü wakiongoza wanasayansi wake, ilipandisha jasi na chumvi kutoka chini ya sakafu ya Mediterania. Ndipo ikafahamika kwamba kati ya miaka milioni 5.97 na 5.33 iliyopita njia ya maji ya Atlantiki ilibanwa, bahari ikakauka kwa kiasi ambacho wanajiolojia wanabishania mpaka leo, na chumvi ikajipanga hadi unene wa zaidi ya kilomita moja sehemu nyingine.

Tope langu ni changa mno kwa habari hiyo, na katika picha ya 1995 hamna hata sindano moja. Jasi hii imezaliwa ghalani. Tope jeusi lina pairiti, madini ya chuma na salfa. Pairiti ikikutana na hewa hutoa asidi, asidi hula magamba ya chokaa, na kalsiamu iliyoachiliwa huungana na salfeti kuwa jasi. Kwa hiyo kila sindano imekula magamba ninayoyahitaji mchana. Napima zilipo, naandika sentimita zake. Sitachota hapo.

Saa 4:30

Nasafisha uso wa tope kwa kioo chembamba, nikikwangua kutoka upande hadi upande. Ukikwangua kwa urefu unaburuta tabaka moja juu ya jingine. Pembeni, matabaka yamepinda kuelekea chini kwa sababu bomba liliyasugua likiingia. Kwa hiyo nachota katikati tu, kwa bomba dogo la sindano lililokatwa ncha.

Saa 6:00 mchana

Nusu ya kumbukumbu inaingia kwenye mashine ya eksirei, inayopima elementi bila kuligusa tope. Natazama mstari wa bariamu, elementi inayoongezeka pale mabaki ya viumbe yanapozama kwa wingi, ukichoreka. Unapanda penye weusi, kama inavyotarajiwa, kisha unaendelea kuwa juu hata mahali ambapo jicho linaona tope jeupe. Mkanda ulikuwa mnene zaidi. Oksijeni iliporudi chini ya bahari ilipenya ndani ya tope na kuteketeza weusi wa juu, ila bariamu ikabaki. Aliyepima kwa macho tu angesema mvua zilikatika karne nyingi kabla ya wakati wake, kwa sababu hapa sentimita moja ni miaka mia kadhaa.

Saa 7:30

Chakula, haraka.

Saa 8:15

Hadubini. Nimechuja sampuli na kubakiza foraminifera, viumbe wa seli moja wenye magamba madogo kama punje ya mchanga. Chini ya mkanda napata waliokuwa wakiishi sakafuni pamoja na walioelea. Ndani ya mkanda, wale wa sakafuni hawapo kabisa. Wamebaki wa juu pekee. Nawasogeza kwa brashi yenye unyoya mmoja, nikiwahesabu. Penye sindano za jasi nilichota kidogo kwa majaribio tu: magamba yametobolewa, kingo zimelika. Sampuli hiyo naiweka kando.

Saa 10:20

Nalinganisha mashimo. Kati ya kori moja na inayofuata hupotea tope kidogo, ndiyo maana kituoni yalichorongwa mashimo kadhaa karibu karibu, pengo la moja lizibwe na jingine. Mikanda ya shimo A na shimo B inakubaliana vizuri, isipokuwa ukanda wa kijivu wa sentimita mbili ulio A na haupo B. Huenda ni tope lililoporomoka kutoka mlimani. Nitaurudia kesho.

Saa 11:30 jioni

Kila tundu nililochota naliziba kwa kipande cha sponji chenye namba ya sampuli, ili tope lisibomoke. Nafunika kwa plastiki. Kwenye karatasi ya maelezo naongeza mstari mmoja, pamoja na tarehe: jasi kwenye mkanda mweusi, imeota ghalani, haimo katika picha ya 1995. Kisha narudisha vipande kwenye baridi, alama ya juu ikitazama kushoto.