Nna OCD, na nguo zangu ziko juu ya kiti

Juzi binamu yangu kaingia chumbani kwangu, kaona nguo zimerundikana kwenye kiti, akacheka, "kwani we si ulisema una OCD, mbona chumba kiko hivi?" Sikumjibu, nilishindwa nianzie wapi. OCD ni maradhi ya akili, wazo au shaka usiyoitaka inakuganda, na unarudia jambo lile lile kuituliza. Huku Mombasa mtu akipanga viatu vizuri au akikunja taulo utamskia "aah mie nna OCD bwana", na wallahi inaniuma. Anayependa usafi akimaliza kupanga anafurahi, anakaa anakunywa chai yake. Mie simalizi.

Yangu ni gesi. Nakaa Kisauni nafanya kazi mjini, asubuhi nazima jiko, nafunga na mtungi, naangalia, nagusa, natoka nafunga mlango, nafungua narudi kugusa tena, na kuna siku nshafika Daraja la Nyali nkashuka kwenye matatu nkarudi mpaka nyumbani kwa gesi iliyokuwa imefungwa tangu saa kumi na mbili. Nkaanza kuipiga picha na simu ili nikiwa njiani niangalie, lakini hata picha siiamini, moyo unaniambia labda hiyo ni ya jana. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Uholanzi waliwapa watu wazima wenye afya njema jiko la gesi la kwenye kompyuta walikague tena na tena, kumbukumbu zao zikabaki sawa ila wakaacha kuziamini. Niliposoma hapo nililia, kumbe kule kurudi rudi ndo kunakolisha shaka.

Mamangu hakuelewa herufi tatu za kizungu, nilipomwambia ni waswasi akaelewa papo hapo, kwa sababu ya shangazi. Yake shangazi ni ya udhu. Anakaa bombani mpaka vidole vinafanya mikunjo, anahisi kiwiko hakijapata maji, anaanza upya, adhana ya alasiri inamkuta hapo na adhuhuri hajaswali. Na kuna mama ambaye kichwa kinamletea picha za kumdhuru mtoto wake anayempenda kuliko roho yake, anaogopa hata kushika kisu jikoni, anaogopa kumwambia mtu. Huyo hutamjua kwa kuangalia sebule yake.

Tiba ipo, wengine hupewa dawa kama fluoxetine, mie naenda kwa mshauri ambaye kanipa kazi moja ngumu sana: funga mara moja, ondoka, usirudi, moyo uache upige mpaka utulie wenyewe. Ustadhi alimwambia shangazi karibu maneno hayo hayo, osha mara tatu uende ukaswali, yakini haiondolewi na shaka.

Leo nimefunga mara moja. Nilipofika darajani viganja vilikuwa vimelowa jasho, makanga kaniona nimeinuka kwenye kiti akauliza, "kaka, washuka?"

Nikamwambia hapana, twende.