Mita Arobaini

Baba alistaafu Jeshi la Wanamaji la Kenya akiwa Meja. Wageni wakisikia cheo hicho walidhani alikuwa askari wa nchi kavu, kwa kuwa wanamaji wetu hutumia vyeo vilevile vya jeshi la ardhini, naye hakuchoka kuwaeleza. Aliingia mwanzoni mwa miaka ya 1970, jeshi lenyewe likiwa bado changa, maana liliundwa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru. Alipelekwa Dartmouth, Uingereza, kwa mafunzo ya uafisa, akarudi kuhudumu kwenye meli za doria, KNS Mamba ikiwa mojawapo. Pwani yetu yote, kuanzia Kiunga hadi Vanga, aliijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao.

Hayo yote yalisomwa kwenye wasifu wake siku ya mazishi, na yalistahili kusomwa. Lakini mimi nikimkumbuka Baba, namkumbuka amesimama baharini pale Shelly Beach, maji yakimfika kifuani, na mkono wake uko chini ya mgongo wa Mama.

Ilikuwa 1994. Baba alikuwa keshastaafu, tunakaa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Ijumaa ya tarehe 29 Aprili, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa mita 40 hivi kutoka gatini. Walikufa watu 272. Habari zilipomfikia Baba hakuaga mtu, alitoka na kandambili zake miguuni. Alirudi usiku. Nakumbuka suruali yake ilivyokuwa imekauka kwa chumvi, ina mistari myeupe magotini. Mama alimtengea chakula, hakukigusa. Alichokiona siku ile hakutusimulia, wala hakuwahi kutusimulia mpaka anaingia kaburini, na sisi hatukumuuliza. Aliuliza yeye:

"Mama watoto, wewe unajua kuogelea?"

Mama alishangaa. Yeye ni binti wa Taita, kwao ni milimani, na kila alipovuka kwenda kisiwani alisimama katikati ya feri ili asiyaone maji. Mumewe alilijua hilo fika.

"Si unajua sijui," akajibu.

"Mita arobaini," Baba akasema. "Mita arobaini tu, mama watoto."

Siku chache baadaye alikuja na bunda la kamba. Aliipima uani, akapiga fundo kila baada ya mita 5, na kwenye ncha akafunga dumu tupu la mafuta ya kupikia liwe boya. Akatangaza kwamba kila mtu wa nyumba ile atalifikia dumu lile akiwa na nguo zake za kawaida, kwa kuwa hakuna anayepanda feri amevaa nguo za kuogelea. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, hakutupeleka. Alisubiri maji mafu, siku ambazo mkondo ni dhaifu, tena yakianza kujaa, ili mkondo ukimzidi mtu umrudishe ufukweni.

Sisi watoto tulishika upesi. Kazi ilikuwa kwa Mama.

Watu wengi hufundisha kuogelea kwa hila: anakwambia amekushika, kumbe alishakuachia zamani. Baba aliichukia hila hiyo, na mpaka leo naona alikuwa na haki. Melini, afisa akitoa amri, mshika usukani huirudia kwa sauti kabla ya kuitekeleza, ili kila mmoja ajue mwenzake amesikia. Desturi hiyo Baba alikwisha kuileta nyumbani. Hata ukitumwa sukari na chumvi dukani, sharti urudie ulichotumwa ndipo utoke. Basi baharini ikawa vivyo hivyo. Alikulaza chali, akaweka kiganja chini ya mgongo wako, akasema, "Natoa mkono." Usipojibu "Toa", mkono hautoki.

Mama hakujibu. Jumamosi nyingi zilipita akilala vile juu ya maji, dera limetuna, leso kaifunga kichwani, macho kayakaza mbinguni. Baba anasema, "Natoa mkono." Mama kimya. Baba anangoja. Bega likianza kumtetemeka kwa kuchoka, anamwambia, "Nabadilisha mkono," na hapo Mama anajibu haraka, "Badilisha." Hakumhimiza hata siku moja. Kaka yangu aliwahi kucheka, akaamrishwa kutoka majini na kukaa mchangani mpaka tulipoondoka.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine zote. Baba akasema, "Natoa mkono." Mama akavuta pumzi, akasema neno kwa sauti ndogo mno. Baba, kwa kufuata utaratibu, akamwomba arudie.

"Toa, Meja!"

Baba akautoa, akainua mikono yote miwili juu, ili Mama aione. Mama akaelea. Sisi tulitaka kushangilia, Baba akatukataza kwa macho. Yeye mwenyewe uso wote ulikuwa umelowa, na sikuamini kwamba ni maji ya bahari matupu.

Kulifikia dumu kulimchukua Mama miezi zaidi. Alilifikia na gauni lake la kwendea kanisani, fundo kwa fundo, Baba akienda sambamba naye bila kumgusa. Alilikumbatia, akahema, na alipoweza kusema aliuliza, "Na majirani zetu je? Wao hawapandi feri?"

Jumamosi iliyofuata wakaja wanawake wawili wa mtaa wetu, mmoja wao amefiwa na kaka yake kwenye ajali ile. Hao Mama ndiye aliyewashika mgongo. Baba alibaki ufukweni akitazama mkondo, na kila mara akimpigia Mama kelele kumwambia maji yanakwendaje, naye Mama akiyarudia maneno yake.