Siku moja na deki iliyosingiziwa jicho

Saa 2:10 asubuhi

Deki ya CD imelala mezani tangu jana usiku, kifuniko kimeshatolewa. Kando yake kuna kifurushi kidogo alichokileta mwenyewe: jicho jipya la leza, bado limefungwa kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Mwenye deki ni mzee mstaafu, mtu wa maneno machache, na hukumu alishaitoa kabla sijashika bisibisi.

"Fundi, jicho limekufa. Nyimbo za mwanzo inapiga vizuri kabisa. Zikifika za mwisho inaruka-ruka, halafu inasimama. Jicho nimeshanunua, wewe lifunge tu. Na ukiwa humo ndani, nitolee na ile chujio. Wanasema sauti inafunguka."

"Sawa mzee. Niachie niitazame kwanza."

Karakana yangu ni chumba cha nyuma cha nyumba ninayoishi. Faida yake ni kwamba sina nauli ya kwenda kazini. Hasara yake ni kwamba kazi hainitoki kichwani, na leo niliamka nikiwa tayari nabishana na mzee ambaye hayupo.

Deki yenyewe ni ya mwaka 1988. Deki ya CD ya kwanza kuuzwa madukani, Sony CDP-101, ilitoka Japani tarehe 1 Oktoba 1982, kwa hiyo hii ni ya miaka sita baadaye, wakati watengenezaji walikuwa wameshazoea kazi lakini bado hawajaanza kubana matumizi. Ni nzito. Leza yake haitembei kwenye reli kama za sasa; imefungwa kwenye ncha ya mkono unaozunguka kwenye egemeo, mithili ya mkono wa santuri. Na katikati ya bodi imekaa TDA1541A, IC (kile kichipu cheusi) yenye miguu 28 inayogeuza namba za CD kuwa sauti, ambayo watu wa fani hii wakiiona hushusha sauti kama wameingia msibani.

Saa 3:00

Kabla ya kuwasha, mambo mawili sifanyi mzaha nayo. La kwanza ni upande wa transfoma na swichi, ambako umeme wa ukutani upo hata deki ikiwa imezimwa kwa kitufe cha mbele. Nafunika sehemu hiyo kwa kipande cha plastiki ngumu, kwa sababu mkono hujisahau. La pili ni leza. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 780, karibu wote uko nje ya uwezo wa macho yetu. Ukiona kinukta chekundu hafifu usidhani ndiyo nguvu yake yote. Siinamii lenzi kuichungulia, basi.

Lenzi nimeipangusa kwa pamba na spiriti kidogo, mara moja, bila kukandamiza. Nikawasha na kupima umeme unaoilisha TDA1541A: volti 5, volti hasi 5, volti hasi 15. Zote tatu zipo, ya mwisho inasoma hasi 14.9. Hapo hakuna ugomvi.

Saa 3:25

Sasa hapa ndipo penye utamu, na mafundi wengi huparuka.

CD husomwa kutoka katikati kwenda nje. Wimbo wa kwanza uko karibu na tundu, wa mwisho uko ukingoni. Kwa hiyo mtu akikwambia "nyimbo za mwisho zinaruka", kuna maana mbili ndani ya sentensi moja. Huenda kosa lina *mahali*: mkono haufiki vizuri ukingoni, au egemeo lina ukavu, au diski imepinda, maana kupinda huonekana zaidi nje. Au huenda kosa lina *wakati*: wimbo wa mwisho huchezwa deki ikiwa imeshawaka kama saa nzima, na vitu vimepata joto. Mzee aliziunganisha hizo mbili bila kujua, kwa sababu yeye husikiliza diski toka mwanzo hadi mwisho kama watu wastaarabu.

Kuzitenganisha hakuhitaji hata kifaa. Deki ikiwa ingali baridi, nikaiamuru iende moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho.

Ikapiga. Safi, hadi sekunde ya mwisho.

Nikairudisha wimbo wa kwanza, nikaiacha ijirudie huku naangalia saa ya ukutani. Dakika ya 10, sawa. Dakika ya 20, sawa. Dakika ya 27 ikakwaruza, ikaruka, ikajaribu tena, kisha ikasimama. Palepale kwenye wimbo wa kwanza, ule "mzuri kabisa".

Kosa halina mahali. Lina wakati.

Saa 4:15

Joto ni jambo moja, jicho ni jambo jingine. Leza iliyochoka kwa kawaida huanza kusumbua ingali baridi: inashindwa kusoma orodha ya nyimbo, au inachagua diski, hii naitaka ile siitaki. Hii haichagui. Nikaweka ncha ya osiloskopu, kifaa kinachochora umeme kwenye skrini, kwenye pointi ya kupimia ishara inayotoka kwenye jicho. Deki nzima ikiwa na afya, mistari hupishana na kuacha vijialmasi vitupu katikati, na kadiri almasi zilivyo na kingo kali ndivyo usomaji ulivyo mzuri. Baada ya kupoa, almasi zilikuwa wazi. Nikangoja. Dakika chache kabla ya kuruka, mchoro mzima ukaanza kutikisika kama mtu anayeitikisa bodi kwa mkono, lakini kimo chake hakikupungua. Jicho linatoa mwanga wake uleule. Anayepotea ni anayeliongoza.

Kuna mafundi ambao hapa wangezungusha ile resista ndogo ya kuongeza nguvu ya leza. Deki ingepona wiki mbili, mteja angefurahi, halafu leza iliyokuwa na miaka yake mingi mbele ingeungua. Nimewahi kupokea maiti za namna hiyo. Ile resista haina hatia, iacheni.

Nikachukua kikausha nywele (nimekiazima ndani ya nyumba, na leo nimeulizwa mara mbili kiko wapi) nikapuliza sehemu moja moja ya bodi ya servo, ile inayoongoza mkono na kulenga lenzi. Kona ya kushoto, kimya. Katikati, kimya. Karibu na mota, sekunde kumi hazikufika, wimbo ukaruka. Nikapuliza baridi ya kopo mahali pale pale, ukarudi. Nikasukuma kidogo kwa kijiti cha plastiki: ukaenda, ukarudi, ukaenda.

Nilicheka peke yangu.

Saa 5:00

Bodi hii ina njia za shaba pande zote mbili. Siku hizi tundu linalounganisha juu na chini hupakwa shaba ndani kiwandani. Hapa walitumia ribiti ndogo zenye tundu, zikapigwa lehemu juu na chini. Bodi ikipata joto hutanuka, ikipoa hunywea, na unene wake hutanuka kwa kiasi tofauti na chuma kilichopita ndani yake. Fanya hivyo kila siku kwa miaka zaidi ya 30. Lehemu hupata ufa wa mviringo kuzunguka kichwa cha ribiti, mwembamba kiasi kwamba bila lenzi ya kukuzia unaona lehemu inayong'aa vizuri. Ikiwa baridi, shaba zinagusana. Ikipata joto, zinaachana kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha.

Kuipasha lehemu ile ile moto hakutoshi, huo ni uvivu unaorudi baada ya mwezi. Dawa ni kunyonya lehemu ya zamani kwa utambi wa shaba, kupitisha uzi mmoja wa waya ndani ya ribiti, kuukunja juu na chini ulale kwenye njia ya shaba, kisha kulehemu pande zote mbili. Ribiti ikitingishika baadaye, waya haujali.

Nilizihesabu: 43. Zenye ufa niliouona zilikuwa sita. Nazifanya zote 43.

Saa 8:20 mchana

Shingo inauma. Zimebaki tisa. Hapa hakuna la kusimulia.

Saa 9:00 alasiri

Wakati bodi iko nje nikapima kapasita za elektrolaiti, vile vikopo vinavyohifadhi umeme kwa muda. Watu hupima uwezo tu, wakiona mikrofaradi 1,000 inasoma 940 wanasema nzima. Kapasita ikikauka, kinachoharibika mapema ni ukinzani wake wa ndani. Moja kwenye umeme wa servo ilikuwa na ujazo wa kuridhisha lakini ukinzani wa omu 6, wakati mpya ya aina hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya omu moja. Hiyo si kapasita tena, ni resista iliyovaa nguo za kapasita. Nimebadilisha hiyo na wenzake saba waliokuwa njiani kuifuata, nikaweka za nyuzi joto 105. Alama ya hasi niliitazama mara mbili kila moja, maana bodi za zama hizo hazikukubaliana kama zichore hasi au chanya.

Zile kapasita 14 ndogo zinazoizunguka TDA1541A, saba kwa kila upande wa sauti, sijazigusa. Hazikauki, si elektrolaiti. Kuna wanaozibadilisha kwa kubwa za bei mbaya hadi IC inafanana na jiji. Sizuii mtu.

Saa 9:45

Sasa ombi la pili la mzee: chujio.

Anayoisema ni SAA7220, IC inayopokea data ya kilohezi 44.1 na kuizidisha mara nne kuwa 176.4 kabla haijafika kwa TDA1541A. Huwa inachemka, na mtindo wa kuing'oa una wafuasi wake. Wana hoja: sauti bila hiyo huwa laini. Lakini ulaini huo una maelezo. Bila kuzidisha, TDA1541A hutoa ishara yenye umbo la ngazi pana, na ngazi hizo zenyewe hupunguza sauti za juu. Ukifika kilohezi 20 umepoteza desibeli 3 na kidogo. Ungeweza kuipata kwa kitufe cha trebo. Na kwenye deki hii kuna jambo zito zaidi: SAA7220 ndiyo iliyoshika kristali ya megahezi 11.2896 na kuwagawia wengine saa, yaani mapigo yanayoongoza kazi yao. Ukiing'oa bila kujenga saa nyingine, deki nzima inakuwa bubu.

Nimeiacha. Nimeibandikia kipande cha alumini mgongoni kiibebee joto, kazi ya dakika tano, nayo nadhani itamfaa mzee kuliko upasuaji.

Marekebisho niliyokubali ni opampu za kutolea sauti, yaani IC ndogo za kukuza ishara. Nimetoa za zamani, nikalehemu soketi, ili mtu akijuta arudi. Kwa tamaa yangu nikaanza na aina yenye kasi kubwa. Sauti ikatoka, tena tamu. Nikaanza hata kujipongeza. Halafu nikaigusa kwa kidole: moto. Osiloskopu ikaonyesha mstari mnene badala ya mwembamba. Opampu ilikuwa inajiimbia yenyewe huko kwenye megahezi ambako sikio halifiki. Ndiyo shida ya kufunga injini ya mbio kwenye gari la mizigo. Nikalehemu kapasita za nanofaradi 100 kwenye miguu yake ya umeme, karibu kabisa. Ikapungua, haikuisha. Nikaitoa, nikaweka NE5532, ya kizamani, yenye adabu. Mstari mwembamba, joto la kawaida.

Na ule utamu niliousikia? Ulikuwa wa opampu mbovu inayochemka. Nimeyaandika haya ili nami nijikumbushe.

Saa 11:30 jioni

Mkanda wa trei ulikuwa umelegea, nimebadilisha. Nimerudisha bodi. Diski ya dakika 74, kutoka mwanzo, na nimelaza gazeti juu ya deki ili joto lipande kuliko litakavyopanda kwake.

Saa 1:05 usiku

Wimbo wa mwisho. Sikukaa chumbani, nilisimama mlangoni. Ukaisha. Nikairudia diski yote.

Saa 2:40 usiku

Mara ya pili imefika mwisho. Nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Limekubali?"

"Limekubali lipi?"

"Jicho."

"Jicho sijaligusa mzee, zaidi ya kulipangusa. Ni lilelile la mwaka 1988."

Kimya kirefu. "Sasa ulikuwa unatengeneza nini siku nzima?"

"Vitundu, mzee. Arobaini na vitatu."

"Vitundu," akasema, kama anayelionja neno. "Na chujio?"

"Chujio ipo. Nitakueleza ukija."

"Mh."

Kesho asubuhi nafunga kifuniko, skrubu sita. Kifurushi cha jicho jipya nimekiweka juu ya deki, bado kimefungwa kama kilivyokuja. Na kikausha nywele nimekirudisha, kimepokelewa bila salamu.