Siku Moja BTP: Mwanachuo wa Elimu Maalumu na Kalamu Yake

Saa 11:30 alfajiri. Tengeru baridi, Meru hauonekani kwa ukungu. Mimi ni mwanachuo wa Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, niko BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, kwenye kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili. Kabla ya chai napitia andalio la somo. Lengo: "Ifikapo mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kufunga vifungo vitatu vya shati bila msaada." Wengine huandika "aelewe usafi". Sawa, lakini huko kuelewa utakupimaje?

Saa 2:30. Darasani. Mvulana mmoja anafunga shati, nami daftari liko gotini. Naandika ninachokiona tu: "Alianza kifungo cha chini, akapanda. Cha shingoni alikigusa, akakiacha."

Saa 4:00. Uji.

Saa 4:30. Nasoma kumbukumbu za zamani za mvulana yule: "mzito", "mkaidi". Mwalimu mpya akisoma hivyo atafanya nini kesho asubuhi? Narudi kwenye daftari langu. Vifungo vyote alivyofunga anaviona akiinama. Cha shingoni hakioni. Basi kesho ni kioo. Kwenye mpango wake binafsi naongeza: "Ajaribu kifungo cha juu mbele ya kioo, mwalimu asimshike mkono." Ningeandika "mkaidi", kioo kisingenijia kabisa.

Saa 8:00. Barua kwa mama yake. Maneno ya kitaalamu kama "stadi za misuli midogo" yabaki kwa mkufunzi wangu, anayapenda. Mama naye namwandikia: "Shikamoo mama. Mtoto anafunga vifungo mwenyewe, isipokuwa cha shingoni. Asubuhi tafadhali msimfungie haraka, mpeni muda."

Saa 12:00 jioni. Kikao na mwalimu mlezi. Kifupi, namshukuru Mungu.

Saa 2:00 usiku. Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Kwa kibao na msumari wa kuchomea unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa kinyume, kisha unageuza karatasi ndipo nundu zisomeke. Ukisahau kugeuza herufi, d inakuwa f. Juzi mwenzetu alitaka kuandika "dada", rafiki yetu asiyeona akapitisha kidole akauliza, "Fafa ndiyo nani?" Jina limemganda. Nundu iliyokosewa unailaza kwa ukucha, lakini karatasi haisahau vizuri.

Saa 4:00 umeme unakatika. Sote tunatafuta tochi. Rafiki yetu anaendelea kusoma, anatuambia tupunguze kelele.