Gitaa la kwanza la binti yangu mashoto

Gitaa la mashoto hapa Unguja hulikuti dukani. Si kwamba mji hauna muziki. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, chuo cha muziki cha DCMA kimeanza 2002 na udi, ganuni na fidla vinafundishwa pale, na Februari Ngome Kongwe hujaa watu wa tamasha la Sauti za Busara. Lakini ganuni ukiitoa, ambayo hulazwa na kupigwa kwa mikono miwili, vyombo vya nyuzi vinavyouzwa vimeundwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Binti yangu ana miaka minane, anaandika kwa shoto, anarusha mpira kwa shoto, na gitaa alikuwa ameshaling'ang'ania, haambiliki.

Kabla ya kutafuta duka nilitaka kujua kama kweli anahitaji gitaa la peke yake. Mwalimu wa muziki niliyemwendea alinishauri nimwache ajifunze kama watoto wengine, na hoja zake hazikuwa za kupuuza. Kwenye gitaa mikono yote miwili ina kazi, na unaobana nyuzi shingoni ndio unaotaka wepesi wa vidole, kwa hiyo mashoto akishika gitaa la kawaida mkono wake hodari unapata kazi hiyo. Tena akizoea hivyo, gitaa lolote atakalolikuta, la skuli au la rafiki, atalipiga. Mashoto hana pa kuazima. Akanitajia na fidla za taarab: wapigaji wamekaa safu moja, pinde zinakwenda upande mmoja, mashoto akiingia hapo anamchoma mwenziwe kiwiko.

Nilidhani mama yangu atamuunga mkono mwalimu, kwa sababu yeye ndiye aliyemzoesha mjukuu wake kula kwa mkono wa kulia, na hakufanya mchezo. Akanijibu, "Kula ni adabu, mwanangu. Gitaa lina adabu gani? Mwache na mkono wake."

Basi nikampa mtoto ufagio wa mpini mrefu, nikafungulia wimbo anaoupenda kwenye simu, nikamwambia ajifanye mpiga gitaa. Sikumwonesha ashike vipi. Mpini ukaelekea kulia, mkono wa kushoto ukawa tumboni unapiga mapigo, haukosei hata mahali pamoja. Nikamwambia ageuze. Akageuza, mtoto mtiifu, na mapigo yakapotea papo hapo: mkono wa kulia unaburuta nyuma ya wimbo, uso umemkunjana. Siku nyingine nikampigisha meza mkono mmoja mmoja, mambo yakawa yale yale.

Kwangu mie hilo lilitosha. Vidole vya kubana nyuzi huanza vizito kwa kila mtu, wa kulia na wa shoto, na mazoezi huvilainisha. Mapigo ni kitu kingine. Mkono ambao tayari unayo kwa nini niuweke kazi ya kubana? Na mtoto mashoto ambaye akipewa ufagio anaushika kama wa kulia, mnunulie gitaa la kawaida uokoe pesa zako. Wapo wengi hao.

Sasa, gitaa lenyewe. Kuna wanaoligeuza la kawaida bila kuhamisha nyuzi. Elizabeth Cotten, Mmarekani mashoto aliyezaliwa 1893, alipiga hivyo: nyuzi nene zikawa upande wa chini, akazipiga kwa vidole, na wimbo akautoa kwa dole gumba. Alifika mbali nao mtindo huo, lakini binti yangu angefundishwa na nani? Paul McCartney wa Beatles naye alibadilisha tarumbeta aliyopewa na baba yake kwa gitaa la kawaida, alipoona halimkai akahamisha nyuzi. Njia hiyo nikaiona inafaa. Ya kuagiza gitaa la mashoto jipya kupitia Dar es Salaam niliiuliza pia. Bei ilikuwa karibu mara mbili, na lililokuwapo ni la mtu mzima.

Si kila gitaa linakubali kugeuzwa. Duka la kwanza walikuwa nalo la nyuzi za chuma, zuri la kung'ara, bega moja limekatwa ili mkono ufike chini ya shingo. Ukiligeuza, mkato unakwenda upande usiohusika. Halafu kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi kwenye daraja, yaani kipande cha mti kilichogundishwa tumboni mwa gitaa, huwa kimewekwa mshazari kwenye magitaa ya chuma, kwa kuwa uzi mnene unataka urefu kidogo zaidi ili usitoke kwenye sauti. Nyuzi zikihamishwa, mshazari unakuwa kinyume na gitaa halitulii. La nailoni kijiti chake kimenyooka, kiwiliwili kiko sawa pande zote mbili, na vidole vya mtoto havichubuki. Muuzaji, aliponiona nimeliacha la chuma, akajitolea kulifunga la nailoni nyuzi za chuma ili "lipaze sauti, dada". Nilikataa. Chuma kinavuta kwa nguvu kubwa mno, daraja la gitaa la nailoni linaweza kung'oka.

Ukubwa niliupima kwa futi ya fundi cherehani. Gitaa kamili la nailoni, kutoka kile kipande cheupe cha juu ya shingo mpaka kijiti cha kwenye daraja, ni kama sentimita 65. La robo tatu, ukubwa wa watoto, linakaribia 58. Nilimkalisha mtoto, gitaa juu ya paja, nikaangalia kama mkono unafika mwisho wa shingo bila bega kupanda. Robo tatu ilimkaa sawa. Usimnunulie kubwa ukitaraji atalikulia, gitaa si sare ya skuli.

Nikalinunua, la kawaida kabisa, nikalipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Mji Mkongwe anayetengeneza udi na masanduku.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Wataka kulipindua?" Alikuwa ameshaelewa.

Kazi yote iko kwenye kile kipande cheupe cha juu ya shingo. Kina mikato sita, kila mmoja na upana wa uzi wake. Ukihamisha nyuzi ukakiacha kama kilivyo, uzi mnene unakaa juu juu haushuki, na ule mwembamba unachezacheza kwenye mkato mpana na kulia kama mbu. Fundi alikigonga kidogo kwa nyundo na kipande cha mti, kikang'oka. Hakukigeuza, kwa sababu mikato ina mteremko kuelekea kwenye vikazio, vile vya kukazia nyuzi, na ungekaa kinyume. Akachukua mfupa wa muundi wa ng'ombe uliokwisha chemshwa na kukaushwa, akaukata kwa msumeno wa chuma, akausawazisha kwa msasa. Mikato ya nyuzi nene aliimalizia kwa kusugua na vipande vya nyuzi kuukuu, zile zilizozungushiwa waya, ili upana uwe wake hasa. Kila akifunga uzi, anaubana kwenye freti ya tatu, yaani kijichuma cha tatu kilichokatisha shingo, anainama kutazama freti ya kwanza: akiona upenyo mwembamba wa karatasi anaridhika, akiona zaidi anarudi na tupa. Kijiti cha kwenye daraja hakina gundi. Alikichomoa na kukigeuza tu, kwani upande wa nyuzi nene hutakiwa uwe juu kidogo.

Nyumbani nilimalizia mwenyewe. Vidoti vya kuonesha freti viko ubavuni mwa shingo, upande ambao sasa unaangalia chini, mtoto havioni. Nikaweka vipya upande wa juu kwa rangi ya kucha, nyekundu, kwenye freti ya tano, ya saba na ya kumi na mbili. Vikazio navitia tone la mafuta ya cherehani mara kwa mara, hewa ya bahari haina huruma na chuma. Nyuzi mpya za nailoni ziliendelea kunyooka siku za mwanzo, tukawa tunazikaza kila asubuhi kwa programu ya simu, majirani wakiuliza kunani.

Jambo ambalo sikulitarajia ni masomo. Mwalimu, yule yule aliyenishauri vingine, anakaa mbele yake na gitaa la kawaida, na mtoto anamfuata kama anajitazama kwenye kioo. Watoto wengine wanapaswa kugeuza kichwani kila wanachokiona. Yeye hageuzi kitu. Taabu iko kwenye vitabu, michoro yote ni ya mkono wa kulia, kwa hiyo namchorea upya kwenye daftari.

Kipande cha zamani fundi alinirudishia, nikakitia kwenye bahasha ndani ya mfuko wa gitaa. Mdogo wake binti yangu ni wa mkono wa kulia. Dada akihamia kwenye gitaa kubwa, hili linarudishwa kama lilivyotoka dukani, na fundi ameshaniwekea mfupa mwingine wa hilo kubwa.