Kamba ya katani kwa paka wa uani

Kitu cha kwanza nilichowapelekea paka wa pale uani, ambako dada mmoja anatunza wanyama kwenye mabanda, kilikuwa cha hatari, na nakitaja mwanzo asije mtu akakirudia. Vilikuwa vimpira vya uzi wa sweta, vyekundu na vya manjano, kila kimoja kina mkia. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nilivitengeneza usiku mmoja nikaviona vimependeza kweli. Siku ya tatu dada yule akanipigia simu. Mtoto wa paka alikuwa amemeza mkia wa kimpira, ncha inaning'inia mdomoni.

Nilitaka kumwambia auvute. Bahati yeye alijua zaidi yangu: uzi ukishashuka tumboni hauvutwi, maana upande wa ndani huenda umenasa, na ukivuta unaweza kuukata utumbo. Akampeleka kwa daktari wa mifugo na akapona. Ulimi wa paka una vimiiba vilivyoelekea kooni, kwa hiyo uzi ukishaingia si rahisi autoe mwenyewe. Usiku ule nililia. Tangu hapo sitengenezi kitu chenye uzi, kifungo, shanga wala mpira wa kufungia pesa.

Nikaanza upya, safari hii nikiuliza kwanza mnyama anataka nini. Paka anataka kukwaruza. Ndivyo anavyovua maganda ya kucha zake, anavyojinyoosha mgongo, na anavyoacha harufu yake mahali ili pawe pake. Ukimweka kwenye banda la waya na sakafu ya saruji, yote hayo umemnyima. Nasi tuko Tanga! Mkonge umekuwa pwani hii tangu mwaka 1893, Richard Hindorf alipouagiza kutoka Florida. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Marehemu baba alifanya kazi korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, akirudi jioni na singa, nyuzi za mkonge, kwenye nywele, na paka wetu walikuwa wakimlalia miguuni na kuyakwaruza magunia yake. Nilikuwa na jibu nyumbani tangu utoto.

Basi nikachukua gogo la urefu wa sentimita 80, maana paka mzima lazima aweze kunyooka wote. Nikalisimamisha ndani ya ndoo iliyopasuka na kumimina zege, lisiyumbe. Nguzo ikiyumba, paka huenda asiiguse tena. Kisha nikazungusha kamba ya katani kuanzia chini, mzunguko juu ya mzunguko, nikiikaza kwa nyundo. Chagua kamba isiyotiwa mafuta ya mashine. Inuse tu, utajua. Ncha nazichomeka chini ya mizunguko, sipigi misumari.

Kitu cha pili ni boksi. Boksi la sabuni, tundu upande mmoja, ndani kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walilipima jambo hili mwaka 2014: paka wapya waliopewa boksi la kujificha walitulia mapema kuliko wenzao waliokosa. Anayejificha ameanza kujituliza, tusimtoe kwa nguvu. Nilijaribu pia vijigodoro vya sufi, kama mito ya bibi, lakini sufi ikifuliwa inashikana mabonge na haikauki upesi. Pale kila kitambaa lazima kifuliwe na kuanikwa jua kali kabla ya kumpa mwingine, maradhi yasihame. Kanga inashinda.

Mama alinikuta nasuka vipande vya fulana, mikanda mitatu minene, fundo kila ncha.

"Hiyo nayo ya paka?"

"Ya mbwa, mama. Wanavutana nayo."

"Mwanangu, na mbwa nao?"

Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa tunayajua hukumu yake: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nikamwambia nasuka kitu kikavu, na dada ndiye anayewapa. Kisha nikamkumbusha hadithi aliyonifundisha yeye mwenyewe, ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Akanyamaza. Kabla ya alasiri alinitolea kanga zake mbili.

Mbwa nawafungia pia vitambaa kwenye gunia, vingi vilivyosongana, dada anaficha dagaa katikati. Mbwa anaweza kunusa hapo muda mrefu, na baadaye analala badala ya kuzunguka banda. Gunia liwe la nyuzi za mimea. Kiroba cha plastiki kinachanika nyuzi nyuzi, nazo wanazimeza.

Ijumaa napakia baiskeli maboksi manne na nguzo ya pili. Kuna paka mweusi, jike, aliyeletwa na mguu uliovunjika, ambaye tangu afike hajatoka kwenye boksi mchana. Dada hamshurutishi; anamsogezea chakula tunduni na kuondoka. Juzi alfajiri alipofungua banda alimkuta amejikunja ndani vilevile, lakini nguzo ilikuwa imechanwa kwa kucha upande wote wa chini, na singa zimetapakaa sakafuni.